Jenereta ya Petroli Ikikataa Kuwaka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na mafundi wa karakana)



Kamati ilitutaka sisi wa karakana tuseme juu ya jenereta ndogo za petroli, kwa kuwa wanachama wengi wanazo nyumbani au kazini, na wengi wametuletea zikiwa zimekufa. Twashukuru kwa nafasi hii. Tutasema kama mafundi tu. Wengi wetu shule yetu ilikuwa ya msingi, ya misheni, na mengine yote tumefundishwa na spana.

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Nairobi kwa nini watu hununua jenereta. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena Novemba na Desemba mwaka ule ule, na tena mwaka 2024. Usiku ule wa Agosti, hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya akiba ilikataa kuwaka, abiria wakakaa gizani, na mkuu wa viwanja vya ndege akapoteza kazi yake. Ile ilikuwa mtambo mkubwa, wala si kama hizi zetu za kubeba kwa mkono. Lakini ugonjwa ni wa jamaa moja: mtambo unaokaa bila kuwashwa ndio unaokataa siku ya haja.

Sasa tazameni ni nani anayevuta kamba ya jenereta katika mji huu. Ni kinyozi wa Kawangware, ni mama mwenye friji ya samaki Kangemi, ni kijana wa duka la simu Luthuli Avenue. Kule Lavington na Kileleshwa mwenye nyumba anakaa sebuleni, na askari wa lango ndiye anayekwenda gizani na tochi mdomoni. Hata wenzetu wa njia ya reli hubeba jenereta ya taa wanapotengeneza reli usiku. Basi hili ni jambo la wafanyakazi.

Kabla hatujafungua hata bolti moja, tuseme juu ya kifo. Jenereta ya petroli huua kwa njia mbili, na zote mbili ni za kimya.

Njia ya kwanza ni moshi. Katika moshi wa petroli mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ule moshi unaouona na kuunusa si huo unaokuua. Huo unaokuua huuoni. Hewa hii huingia katika damu mahali pa hewa njema, na mtu huanza kuumwa kichwa, hutaka kutapika, miguu hulegea, kisha hulala. Wengi hudhani ni uchovu wa kazi au ni chakula kibaya. Duka la mabati lenye mlango uliofungwa kwa kuogopa wezi ni chumba cha kufia. Msitie jenereta ndani, wala jikoni, wala chini ya ngazi, wala katika gereji hata kama mlango wake u wazi. Iwekwe nje, hatua nane au zaidi kutoka mlangoni, yaani mita 6 hivi, na mdomo wa bomba la moshi uelekee mbali na madirisha, pamoja na madirisha ya jirani. Twajua mtasema, ikikaa nje itaibiwa. Basi ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo. Na mvua ikinyesha, ijengewe paa dogo lisilo na kuta.

Ukimkuta mtu ameanguka karibu na jenereta, fungua milango kwanza, zima mtambo, mtoe kwenye hewa, umpeleke hospitali. Usiingie ukakaa hapo ukimwita jina, maana wengine wamekufa wawili wawili kwa namna hiyo.

Njia ya pili inatuhusu sana sisi watu wa chama, kwa sababu anayeuawa ni mfanyakazi mwenzetu. Wako watu wanaotengeneza waya wenye plagi ya umeme ncha zote mbili. Ncha moja huingia katika jenereta, na ya pili huingia katika soketi ya ukutani, ili nyumba yote ipate taa. Ukifanya hivyo bila kukata swichi kubwa, umeme haukai nyumbani kwako. Hurudi kwa njia ya mita, hupanda nguzo, hufika kwenye transfoma. Na transfoma haijui kulia wala kushoto. Ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 240 ikipewa 240 kwa upande wa chini huzipandisha kuwa 11,000 kwa upande wa juu. Fundi wa Kenya Power yuko juu ya nguzo kwenye Naivasha Road, ameambiwa laini imekufa, anashika waya. Ana mke na watoto kama wewe. Na stima ikirudi wakati huo, hiyo jenereta yako huungua mara moja, pengine na nyumba pia.

Basi tumieni waya wa kuvuta moja kwa moja kutoka jenereta mpaka kwenye friji au taa. Mwenye kutaka nyumba nzima iwake aweke swichi ya kubadilisha, ile ambayo ikiwa upande wa jenereta haiwezi kabisa kuwa upande wa Kenya Power. Aiweke fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Ule waya wa ncha mbili, ukiuona kwa jirani, mwambie aukate. Hatuoni haya kusema hivyo.

Tumemaliza habari ya kufa. Sasa ugonjwa wa mtambo wenyewe.

Injini ndogo ya petroli yataka vitu vinne tu: petroli, cheche, hewa, na mbano wa pistoni. Ikikataa kuwaka, kimoja kati ya hivyo kimekosekana. Makosa ya watu wengi ni kukimbilia kufungua kabureta. Kijana huvuta kamba mara thelathini, hukasirika, huchukua bisibisi, na baada ya saa moja kabureta iko mezani vipande vipande, na kumbe koki ya petroli ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo anza na macho. Je, tangi lina petroli? Koki i wazi? Swichi ya injini imewashwa? Choki imevutwa, kama injini ni baridi?

Kisha tazama oili. Hapa pana siri moja ambayo imewafanya mafundi wa barabarani wale pesa nyingi za watu bure. Jenereta nyingi za siku hizi zina kifaa ndani ya sehemu ya oili kinachokata cheche oili ikipungua, ili injini isijiue. Mtu huona plagi haitoi cheche, hununua plagi mpya, hununua koili mpya, na mtambo bado umenuna. Dawa ilikuwa oili kidogo tu. Na hata oili ikiwa ya kutosha, jenereta ikisimama upande, kama kwenye vile vilima vya Kangemi, kifaa hicho hudhani oili imekwisha. Iweke mahali pa sawa, ndipo upime kwa kijiti.

Kama oili ni nzuri, fungua plagi uitazame. Plagi husema ukweli kuliko mwenye jenereta. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, petroli haifiki: tafuta katika koki, katika mpira wa kupitisha petroli, na katika kabureta. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika lakini haiwaki, ama kwa kukosa cheche, ama kwa kuzidishiwa. Ipanguse, acha tundu likauke dakika chache, rudisha choki, ujaribu tena. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, injini inakula petroli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba au choki imeachwa imevutwa. Plagi njema ina rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai ya maziwa.

Kuipima cheche, iingize plagi katika kofia yake, ushikishe chuma chake kwenye chuma cha injini, mbali na lile tundu ulilolitoa, kisha uvute kamba. Tunasema mbali, kwa sababu tundu hilo hutema mvuke wa petroli, na cheche ikiwa karibu utapoteza nyusi zako. Shika kwa koleo lenye mpira, si kwa vidole. Nafasi kati ya ncha za plagi iwe kama milimita 0.7 au 0.8. Kama huna kipimo, kadi ya benki ina unene wa karibu hivyo hivyo. Ndiyo faida moja ya kadi siku ambazo akaunti haina kitu.

Sasa petroli yenyewe. Petroli iliyokaa katika tangi zaidi ya mwezi mmoja hivi huanza kuharibika. Huacha ndani ya kabureta kitu kama gundi, nacho huziba vile vitundu vyembamba. Hapo utaona injini inawaka ukivuta choki, na ukiirudisha inakufa. Au inapanda na kushuka sauti, huu, huu, kama mtu anayeota ndoto mbaya. Chini ya bakuli la kabureta mna skrubu ya kutolea. Kinga kikombe, fungua, utazame kinachotoka. Ukiona matone yanayokaa chini na kutembea kama shanga, hayo ni maji. Ukinusa harufu ya rangi ya zamani, hiyo petroli imeoza. Mwaga, tia mpya, jaribu. Isipopona, ndipo bakuli lishushwe, na vitundu visafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa pampu. Msipitishe sindano wala waya wa chuma, maana tundu likipanuka kidogo tu, mtambo utakunywa petroli kama askari mstaafu.

Tena kuna petroli iliyochanganywa. Jambo hili lilikuwa baya hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwavute wachanganyaji. Ushuru uliwaumiza mama wa jiko la mafuta ya taa kuliko ulivyomwumiza mchanganyaji, kwa maoni yetu, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Ukinunua petroli ya chupa kando ya njia, tonesha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi huruka yote, karatasi ikabaki kavu. Ikiacha doa la mafuta, usiitie.

Kuna ugonjwa mwingine unaochekesha. Jenereta inawaka vizuri, baada ya dakika kumi inakufa, baada ya kupumzika inawaka tena. Legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti, umemaliza kazi: kile kitundu cha kupumulia katika kifuniko kimezibwa na vumbi, petroli ikashindwa kushuka. Kisafishe. Fundi mmoja tunayemfahamu alitaka kubadili kabureta nzima kwa ugonjwa huo.

Juu ya hewa, sisi wa mji huu tuna shida ambayo mtu wa Mombasa hana. Katikati ya Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukipanda treni ya Kikuyu, ukifika huko uko karibu mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Pigeni hesabu wenyewe: jenereta iliyoandikwa wati 2,000 pwani ina nguvu za wati 1,600 hivi hapa kwetu, na Kikuyu hupungua zaidi. Halafu mtu anatia friji, pasi na televisheni, akifuata kile kilichoandikwa ubavuni, na mtambo unalia. Friji peke yake ikianza hutaka nguvu mara tatu au zaidi ya zile inazotumia ikiwa imekwisha kwenda. Anzeni na friji, mwache itulie, ndipo taa zifuate. Pasi na jiko la umeme, hapana.

Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa pwani hutoa petroli nyingi mno hapa, na plagi huwa nyeusi kila mara ingawa chujio ni safi. Kwa mtambo unaokaa juu ya mita 1,500 siku zote, fundi anaweza kutia kabureta tundu dogo zaidi la petroli. Lakini akishatia, usiipeleke jenereta hiyo Mombasa kwa harusi ya ndugu yako, maana huko itapata petroli kidogo kwa hewa nyingi, ichemke, na pistoni iungue.

Chujio la hewa nalo ni sifongo tu. Barabara za udongo za Kawangware wakati wa kiangazi hulijaza kwa wiki moja. Lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, litiwe oili kidogo, likamuliwe. Kufanya kazi bila chujio ni kulisha pistoni mchanga. Na pistoni ikishaliwa, ukivuta kamba huja laini bila kukataa. Huo ndio mbano uliokosekana, na hapo hakuna dawa ya nyumbani.

Pengine injini inanguruma vizuri lakini taa haziwaki. Kwanza bonyeza ile swichi ya kujikata iliyo karibu na soketi. Kisha jaribu taa nyingine, maana mara nyingi aliyekufa ni waya wa kuvutia. Yakishindikana hayo, ugonjwa uko katika brashi za kaboni au katika kidhibiti cha volti. Brashi sisi wa reli tunazijua. Injini zetu za dizeli zinazovuta mizigo ni jenereta zinazotembea: dizeli huzungusha mtambo wa umeme, na umeme huenda kwenye mota za magurudumu, nazo zile za zamani zina brashi kama hizi, ila kubwa. Brashi ikiisha au ikikwama haigusi, na umeme hukoma. Zimeni injini kabla ya kufungua, na msiguse kapasita hata ikiwa mtambo umezimwa, kwa kuwa huweka umeme ndani na hupiga. Kwa asiyejua, sehemu hii apeleke kwa fundi. Kirinyaga Road wako mafundi wazuri na wako walaghai, benchi kwa benchi. Kaa hapo hapo utazame kazi ikifanywa, na udai vipande vya zamani mkononi.

Utunzaji wenyewe si mwingi. Oili ya kwanza ya mtambo mpya imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kwa maana ina vipande vya chuma. Baadaye kila saa 100, au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Lakini nani anajua saa ngapi? Funga daftari dogo kwa kamba kwenye mpini, na kila anayewasha aandike. Mara moja kwa mwezi iwashwe nusu saa, nayo ibebe mzigo wa taa au friji, si kunguruma bure. Ukijua itakaa miezi, funga koki na uiache iendelee mpaka ijizime yenyewe kwa kukosa petroli katika kabureta. Kutia petroli, zima, ngoja ipoe, ndipo utie. Kinyozi anayetia petroli huku mteja anangoja nusu kichwa anajua anachotaka kuokoa, nasi twajua anachoweza kupoteza.

Neno fupi kwa wenzetu wa Kisumu, maana karatasi hizi hufika huko. Watu wanatia jenereta katika mashua kwa ajili ya taa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Juu ya nchi kavu upepo huuchukua, lakini katika mashua huzama chini sakafuni ukakaa kama maji, ukingoja cheche moja. Jenereta ikae juu, pa wazi, petroli itiwe ukiwa pwani, na kama kuna kibanda cha kulalia, moshi usielekee huko.

La mwisho ni kwa wale wanaowasha mitambo ya watu. Mwajiri akikuambia uweke jenereta ndani ya ghala na ufunge mlango, una sheria mkononi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Arifuni mkiwa wawili, andikeni tarehe, na nakala moja ileteni kwa mwakilishi wa chama wa kazini kwenu. Mtu mmoja akisema husikika kama mkaidi.

Tumeleta jenereta mbili. Moja ni nzima, na moja tumeitia ugonjwa kwa makusudi, hatusemi ugonjwa gani. Ziko nje uani, kwa sababu mnazozijua. Wenye plagi zao mfukoni waje nazo tuzitazame rangi.